Mota Hupimwa kwa Salamu Maria

Siku niliyokabidhi funguo za karakana ya maji pale Biharamulo, vijana walinipa kiti cha kuegemea ili nipumzike, na kabla sijakikalia wakaniletea kazi. Jenista, fundi umeme wetu, ambaye Jumapili baada ya misa hushindana na wenzake kuendesha magari madogo ya rimoti kwenye uwanja ulio nyuma ya matangi, aliweka mezani mota mbili zenye ukubwa wa kopo dogo la nyanya. Zote hazina brashi. Moja ilitoka kwa muuzaji anayejulikana. Nyingine ilitoka kwa muuzaji aliyeapa kwamba ni ileile.

"Shikamoo, Mzee Pasko," alisema, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. "Kabla hujaenda kulima, niambie. Kwa nini ile nzuri ndiyo iliyoungua?"

Wenzake walicheka, wakamwambia aliuziwa jina. Mimi sikucheka. Swali hilohilo niliwahi kulisikia miaka ya wakimbizi, kwenye kilima kimoja upande wa Kanazi, na wakati ule mota iliyoungua ilikuwa na uzito wa ndama, na watu waliosubiri maji yake walikuwa wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu ni refu na nimeshapewa kiti.

Kwetu ni Mugoma, wilayani Ngara. Niliacha shule darasa la tano, na wanaodhani niliacha kwa kukosa ada wananipa huruma nisiyostahili. Niliacha kwa sababu nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Nilivuna pamba Usukumani, nikabeba magunia ya kahawa Bukoba, nikashuka mashimo ya dhahabu Geita mara chache zilizonitosha. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe jambo linafanywaje, kisha nikaondoka. Mama yangu alikuwa akisema mimi ni mbuzi aliyekata kamba: hata majani yakiwa mazuri hapa, lazima aonje ya jirani.

Mwanza nilipita mbele ya banda moja nikaona mtu amefungua mota ya mashine ya kusaga, na matumbo yake ya shaba yamemwagika mezani. Nikasimama. Nikamuuliza shaba hiyo inafanya nini humo ndani. Akanijibu kwamba mwenye nafasi ya kuuliza ana nafasi ya kufagia. Siku yangu ya kwanza katika kazi hii, basi, ilikuwa ya ufagio. Ya pili pia. Baadaye nikapewa patasi na nyundo nikate nyaya zilizoungua, na harufu ile ya vanishi iliyoungua, chungu kama dawa ya minyoo na tamu kidogo kwa nyuma, ikaniingia puani na haijatoka hadi leo. Nilijifunza kusuka mota: kupanga nyaya za shaba duru kwa duru kwenye mifereji ya chuma, kuzitenga kwa karatasi, kuzifunga kwa uzi, kuzinywesha vanishi na kuzikausha. Nilipoweza kusuka moja peke yangu ikazunguka, nikaanza kuangalia barabara tena.

Safari hii barabara ilikuwa imegeuka. Wanyarwanda walikuwa wamevuka daraja la Rusumo mchana na usiku, na mashamba ya Ngara niliyoyajua yalikuwa yamekuwa miji ya turubai. Warundi wengine walikuwa wamefika kabla, na wengine waliendelea kuja baadaye. Magari meupe, mabomba, mahindi ya msaada na kazi, vyote vilikuwa vinaelekea kwetu. Nilirudi nyumbani kutafuta kazi, jambo ambalo sijui kama kuna mtu wa Mugoma aliyewahi kulifanya kabla yangu.

Shirika lililoshughulikia maji lilinipeleka kwenye kontena moja lililokatwa dirisha kwa gesi. Ndani yake alikaa Mzee Severini, mkimbizi kutoka Burundi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kwao alikuwa fundi wa mota katika kiwanda cha chai. Alivuka mpaka akiwa na mkewe na koleo moja. Kirundi chake na Kihangaza changu cha Ngara ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Tulielewana bila shida, na Kiswahili tukakiacha kwa ajili ya wakubwa.

Hakuniuliza cheti, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Alinionyesha mota mbili za pampu zilizokaa sakafuni, akaniuliza ningechagua ipi. Nikaizunguka moja, nikaizunguka nyingine, nikaonyesha ile ya bluu.

"Umechagua rangi," akasema. "Sasa njoo tuchague mota."

Somo hilo nawapa kama nilivyolipokea. Kwanza alinifundisha kuzungusha ekseli kwa vidole viwili huku sikio likiwa karibu. Beringi nzima hunong'ona. Iliyokwisha hutafuna mchanga. Kisha kunyanyua, kwa sababu kiwanda chenye haraka hupunguza chuma na shaba, na kilichopunguzwa ndicho ambacho kingebeba joto. Kisha kuangalia mapezi ya nje, yale matuta membamba yanayoutolea mwili joto, kama ni marefu na yameungana na mwili au yamewekwa kama pambo la kabati. Kisha feni ya nyuma na kofia yake ya bati yenye matundu: hewa inaingilia wapi, inapita wapi, inatokea wapi. Mota ya namna ile haina brashi wala kitu kingine kinachosuguana ila beringi, na ndiyo maana watu hudhani haiwezi kufa.

"Ina maadui wawili," aliniambia. "Maji na joto. Maji utayaona yanapoingia. Joto halina mlango."

Kipimajoto hatukuwa nacho kontenani. Mzee Severini alikuwa na cha kwake. Aliweka kiganja juu ya mota inayofanya kazi na kuanza Salamu Maria, kwa mwendo wa kanisani, bila kukimbiza. Mota inayokuruhusu kufika Amina haina tatizo. Ukiutoa mkono kwenye "utuombee sisi wakosefu", anza kuitafutia sababu. Ukishindwa kupita "umejaa neema", zima swichi, maana saa ya kufa kwake imekaribia kuliko yako. Niliwahi kumuuliza Waislamu hupimaje. Akasema yule wa kiwandani kwao alikuwa na Alhamdu, na walikuwa wanapata jibu lilelile.

Maji ya upande wetu wa kambi yalitoka bondeni. Pampu ya kwanza iliyasukuma hadi tangi la katikati. Pampu ya pili, ndani ya nyumba ndogo ya matofali iliyokuwa juu zaidi, iliyapandisha mpaka tangi la kilimani, na kutoka huko yalishuka yenyewe kwa mabomba hadi kambini na kwenye magati ya kuchotea maji ya wanakijiji. Jenereta lilikaa bondeni, na waya mnene uliopanda kilima ulilisha vituo vyote viwili. Kituo cha pili kilikuwa na mlinzi wake, Mzee Laurenti, mkulima wa Kanazi, Mkatoliki wa ukoo wa Wakatoliki, kiongozi wa sala kwenye jumuiya yake. Kazi yake ilikuwa kulinda, kufagia, na kuwasha na kuzima swichi kengele ya bondeni ikigongwa. Aliifanya kwa uaminifu kabisa. Hilo mlikumbuke mtakapoendelea kusoma.

Mota ya kwanza ya kituo kile ilikuwa nyepesi, ile ya bluu niliyoichagua kwa macho. Iliungua. Hakuna aliyeshangaa, kila mtu alisema ni ya bei rahisi, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Ikaletwa nzito, ya kijivu, mapezi marefu, beringi zisizosikika. Mzee Severini aliipapasa kama ng'ombe wa mahari. Ile nayo ikaungua, tena mapema kuliko ya bluu.

Hapo ndipo swali la Jenista lilipoulizwa mara ya kwanza. Aliyeuliza alikuwa Injinia Kaduma, mkuu wetu wa maji, mtu wa haki na mwenye viatu vyenye matope kama vyetu. Alipima umeme unaofika: sawa. Alipima umeme unaonywewa na mota: sawa. Swichi ya kinga haikuwa imekata, na haikuwa na sababu ya kukata, kwa kuwa yenyewe hupima umeme unaoingia tu, haijui kama joto limetoka. Wakati yeye akipima, Mzee Severini alikuwa ameisuka upya ile ya bluu. Ikarudishwa kilimani kama mchezaji wa akiba. Nyingine haikuwepo, na barabara za masika zilikuwa hazileti kitu.

Maneno hayakosi njia, hata barabara zikiharibika. Ofisini walianza kusema kwamba yule fundi Mrundi anaziua mota mwenyewe ili asikose za kusuka. Injinia alikuja kontenani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema alichotumwa.

"Mzee, si mimi ninayesema. Ila hii ya sasa ikiungua, sitaweza kukubakiza hapa."

"Nimeelewa, bwana," alijibu Mzee Severini, akaendelea kulipaka koleo lake mafuta.

Nyinyi mlio na karakana na leseni ya udereva huenda msione uzito wa jambo hilo. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi kutafuta kazi. Nje ya lile kontena yeye alikuwa namba kwenye foleni ya unga. Ndani yake alikuwa fundi, na watu wazima waliingia wakivua kofia. Wangemtoa pale, pasingekuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Tuliifungua ile ya kijivu mezani. Mota inayokosa mguu mmoja kati ya mitatu ya umeme wake huungua kwa mistari: sehemu nyeusi, sehemu safi. Hii ilikuwa nyeusi pande zote.

"Imeiva sawasawa, kama mkate uliosahauliwa," alisema Mzee Severini. "Joto lilizaliwa kama kawaida. Halikupata pa kutokea."

Lakini feni ilikuwa nzima, na kofia yake haina mbonyeo. Kwenye matundu ya kofia nilikuta nyuzi za jani kavu la mgomba. Nikazitupa. Kwa watu wa Ngara jani la mgomba ni kama vumbi kwa watu wa kwingine: tunafungia nalo chakula, tunaezekea, tunajifuta mikono. Nani angeuliza limefikaje? Nilikuwa nimeshavuka mlango ndipo nikarudi kuziokota, kwa sababu kofia ile hunyonya hewa, na nyuzi zile zilikuwa zimekandamizwa kwa nje, kama zimesukumwa kwa mkono.

Siku zote tulikwenda kituo cha pili kwa gari, na gari lile lilisikika likilia gia ya kwanza tangu bondeni. Siku iliyofuata gari lilikuwa limechukuliwa kubeba mabomba. Mtu mwingine angengoja. Mimi sijawahi kujua kungoja. Nikapanda kilima kwa miguu, mvua ya rasharasha ikinisindikiza. Nilipokaribia nikaisikia mota. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Nikaingia. Mota haikuonekana. Palikuwa na kilima cha mikungu ya ndizi, imezunguka pande zote, juu yake majani ya mgomba yamepangwa kwa ustadi kama paa, na juu ya majani magunia. Pampu tu ndiyo iliyotokeza shingo. Mzee Laurenti alikuwa amekaa kwenye kigoda, rozari mkononi.

"Karibu, kijana. Leo mmekuja kimya."

"Shikamoo, Baba Simoni."

"Marahaba."

"Mota iko wapi?"

"Imo humo," alisema kwa upole. "Imepata joto vizuri."

Akanieleza, na hakuonyesha kuficha kitu. Simoni, mwanawe wa kwanza, alikuwa anaoa binti wa Nyarubungo, kule Biharamulo. Baba wa bwana harusi haendi kwa wakwe mikono mitupu. Hupeleka rubisi, pombe ya ndizi, na iwe ya ndizi za shamba lake mwenyewe, si ya kununua. Ndizi za rubisi lazima zivundikwe kwanza hadi ziive, na kwetu huvundikwa kwenye shimo lenye moshi, limefunikwa majani. Lakini masika yale mashimo yote yalijaa maji, na ndizi zilioza zikiwa mbichi. Nyumba ya pampu ilikuwa kavu, na katikati yake kulikuwa na kitu chenye joto. Alijua vitu vya nyumbani havitakiwi kazini, kwa hiyo akisikia gari bondeni alivitoa nyuma ya nyumba. Kuhusu mota yenyewe dhamiri yake ilikuwa safi. Kwenye kilima chenye ukungu, kitu chenye joto ni kitu kizima, akaona anaisaidia. Tatizo lilikuwa moja tu: upande wa nyuma ulikuwa unavuta upepo wa baridi na kuzipoza ndizi. Akauziba kwa majani.

Nikamuuliza sherehe zilianza lini. Akanipa hatua zake kama mtu anayehesabu baraka. Posa: mikungu michache. Mahari: mikungu mingi zaidi. Na sasa harusi yenyewe, Jumamosi ijayo. Nikaelewa. Mota ya bluu iliungua kwa posa. Ya kijivu, pamoja na uzuri wake wote, iliungua mapema zaidi kwa mahari. Na hii iliyosukwa upya ilikuwa njiani kuungua kwa harusi.

"Utasema?" aliniuliza.

Nilisogeza gunia moja, nikafungua majani mpaka chuma kikaonekana, nikamwomba aweke kiganja pale na kusali Salamu Maria, polepole, kama anavyoisalisha jumuiya. Aliniangalia kama mtu anayejiuliza ninamdhihaki au nimeokoka. Kisha akaweka mkono.

"Salamu Maria, umejaa..."

Akauvuta. Akautazama mkono, akaitazama mota. Nikamwambia kipimo hicho ni cha nani na maana yake ni nini, kisha nikazima swichi.

"Na zile mbili za mwanzo?"

"Zilikuwa hivihivi."

"Na yule mzee Mrundi wa kwenye kontena?"

"Wanataka kumwondoa. Wanasema ndiye anayeziua."

Mzee Laurenti aliitia rozari mfukoni. Akainama, akaanza kuondoa magunia, kisha majani, kisha mikungu, mmoja mmoja, akiipanga ukutani kwa heshima kama watu waliozimia. Feni ilipobaki wazi akasema, "Wewe usiseme kitu. Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe."

Mzee Severini nilimwambia, maana yeye ndiye aliyekuwa na shingo kwenye kamba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Akauliza swali moja tu, kama zimeiva. Nikamwambia zimeiva vizuri mno. Hapo akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka akasema mtu mwenye harusi ana mengi ya kukumbuka, na la kwetu linaweza kuwa la mwisho.

Asubuhi Injinia alifika mapema, na kwenye gari alikuwa ameketi fundi mwingine mwenye begi jipya la vifaa. Alisema amekuja tu kumtembeza. Mzee Severini alimkaribisha mgeni, akamwonyesha spana zinapokaa na kopo la vanishi lisilofungika vizuri. Mimi nilikuwa nachungulia njia kila mara. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mahema ndipo Mzee Laurenti alipotokea, amevaa koti la kanisani, mkungu wa ndizi mbivu kichwani. Aliutua miguuni pa Injinia, akajieleza kwa Kiswahili cha kusimama mbele ya baraza, tangu posa hadi magunia, bila kupunguza.

Injinia alimsikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Kwa hiyo mzee, mota yangu umeifanya jiko."

"Ndiyo, bwana. Na inaivisha vizuri. Sitasema uongo."

Injinia aligeuka akatazama kontena kwa muda, mabega yakitikisika kidogo. Aliporudi uso ulikuwa wa kazi. Akamuuliza Mzee Severini kama alikuwa anajua.

"Nilijua ni joto," alisema. "Sikujua lina harusi."

Kwa sheria ya ofisi Mzee Laurenti alipaswa kuondoka siku ileile, na Injinia alilisema hilo. Mzee Severini ndiye aliyemwombea. Alisema mlinzi mwingine ataambiwa asizibe feni na atasahau. Huyu hatasahau mpaka anaingia kaburini, na amechomwa mkono kwa ushahidi. Injinia akafikiri, akatuambia tupande gari sote, pamoja na ndizi.

Kilimani aliwasha mota, akatembea ndani ya nyumba ile akipeperusha kipande cha karatasi, akatuonyesha jambo ambalo sisi wawili hatukuwa tumeliwaza. Hata bila ndizi, nyumba ilikuwa imefungwa mno. Hewa iliyopita kwenye mapezi ikapata joto ilikuwa inazunguka chumbani na kunyonywa tena na feni ileile. Mota ilikuwa inakunywa jasho lake. Akachora ukutani kwa chaki: dirisha la wavu upande wa feni, na upande wa mbele sanduku la mbao la kuchukua hewa moto kuitoa nje. Mzee Severini aliangalia mchoro, akauliza kwa Kirundi, nami nikatafsiri: huko nje hewa hiyo itakakotokea, kuna ubaya gani tukichimba shimo, likainuliwa ukingo na kuwekewa kapaa?

Injinia alimtazama yeye, akamtazama Mzee Laurenti, akasema hajasikia swali hilo, na kwamba yeye shughuli yake inaishia ukutani.

Tulilichimba jioni hiyohiyo. Ofisi iliambiwa kwamba njia ya hewa ilikuwa imeziba na sasa imezibuliwa, na hakuna neno hapo lililokuwa uongo. Fundi mwenye begi jipya alipelekwa kituo kingine. Mzee Severini alibaki kwenye kontena lake. Harusi ilifanyika, nami nilicheza mpaka kisigino kikapasuka. Yeye hakuwa na ruhusa ya kufika mbali kiasi kile, kwa hiyo Mzee Laurenti alimletea kibuyu na mrija hadi mezani, wakanywa kati ya spana na karatasi za kuhami. Tangu hapo sikuwahi kuona mlinzi anayejali feni kama yeye. Feni ikilegea tu, ndizi zake zilichelewa, na alitupigia kelele kabla mota haijaanza kulalamika.

Jenista, nimezifungua mota zako. Ile iliyoungua ni nzuri kweli: shaba imejaa, sumaku zimeshikwa imara, beringi zinanong'ona hata sasa. Ile nyingine sumaku zake ni dhaifu na shaba ni chache. Inavuta kidogo, ndiyo maana inapata joto kidogo. Haikupona kwa ubora, ilipona kwa uvivu. Yako nzuri uliifungia gia kubwa ili ikimbie, kisha ukaziba madirisha ya bodi kwa sponji ili vumbi la kifusi lisiingie. Umeivundika. Toboa mbele hewa iingie, na utoboe nyuma tundu kubwa zaidi, kwa sababu hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Punguza meno ya gia hiyo ya mota. Ukipata kifeni, kielekeze kwenye mapezi, si kwenye waya. Na gari likisimama, weka kidole kabla hujaweka betri nyingine. Sala unaijua.

Miaka iliyofuata nilitembea tena, kama kawaida yangu: pampu za migodini, visima vya vijijini, mwishowe Biharamulo, ambako nilioa na kamba ikanishika. Lakini nilirudi kambini siku Mzee Severini alipokuwa anarejea kwao, baada ya amani kupatikana. Malori yalikuwa yamepangwa, mkewe ameshapanda na magodoro. Koleo alilokuja nalo lilikuwa mfukoni mwake. Alisema fundi hagawi meno yake. Aliomba jambo moja, nimsindikize kituo cha pili.

Mzee Laurenti alitufungulia mlango. Ile ya bluu ilikuwa inazunguka bado, ile niliyoichagua kwa rangi na yeye akaisuka kwa mikono yake, na kutoka shimoni nje kulikuwa na harufu ya ndizi mbivu. Sasa zilikuwa za ubatizo wa mjukuu. Mzee Severini aliweka kiganja juu ya mota, akafumba macho. Midomo yake ilikwenda polepole, bila kukimbiza, huku lori bondeni likipiga honi. Alifika Amina. Hakuutoa mkono. Akaanza tena.